Kuku wa Gorreti Kwenye Kanda ya Mbale

Kota za Magereza,
Jinja.
Jumapili, 24 Novemba 1996

Enos, nimemkamata Herbert, na nimemkamata na kuku. Ile kanda iliyoshinda mashindano ya kwaya, ile iliyomnyima Racheal wetu nafasi ya kusomea muziki Kampala, si kwaya ya Mbale inayoimba mle ndani. Ni sahani yangu ya santuri inayoimba, kutoka kabati langu mwenyewe, na iko hapa mezani karibu na kalamu ninavyokuandikia.

Sasa ndiyo nikusalimie.

Mpendwa mdogo wangu Enos,

Hujambo huko Nakuru? Mama Griffin hajambo? Griffin na Mitchelle wameacha kukohoa, au baridi ya huko bado inawaonea? Wapake mafuta kifuani wakitoka kuoga, usingoje wakohoe kwanza. Sisi hapa tu wazima. Shemeji yako Romano goti linamsumbua akisimama sana getini pa jela, lakini anakula vizuri na anabisha vizuri, kwa hiyo najua hajambo. Racheal ni mzima wa mwili. Ya moyo wake nitakuambia polepole, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Sindano ya gramafoni ilifika mwanzo wa Oktoba, ndani ya kiberiti, imefungwa kwa pamba kama jino la mtoto. Yule dereva wa lori aliileta mpaka mlangoni na akakataa hata chai, akasema fundi Enos ameapa kumnyonga ikipotea. Mungu akubariki. Wewe ulifikiri umemtumia dada yako kitu cha kujifurahishia. Kumbe ulinitumia rungu.

Tangu 1992 mashine ile ilikuwa bubu. Unakumbuka ilivyotufikia. Padri mzee Mholanzi, aliyekuwa akiwasalia wafungwa, alipokuwa akirudi kwao alimwachia Romano gramafoni na sahani kumi na tisa za muziki wa klasiki. Maaskari wengine walimwonea Romano wivu, lakini Padri alisema katika gereza zima ni Romano peke yake aliyewahi kukaa kusikiliza bila kuuliza itaisha saa ngapi.

Basi siku ileile ilipofika sindano tulifuta vumbi, tukaanza. Enos, hujui raha tuliyo nayo katika nyumba hii. Kuna muziki mmoja wa violini nyingi ambao Padri alituachia mara mbili, sahani moja wamepiga Wajerumani na nyingine Waingereza. Ni muziki uleule, lakini ukiwa na masikio utajua si uleule. Romano anashika saa yake ya kazini. Wajerumani wanamaliza upande wa kwanza kwa dakika kumi na moja, Waingereza kumi na mbili na nusu. Romano anawapenda Wajerumani wake, anasema wanakwenda kama gwaride, mguu unajua unapokanyaga. Wale Waingereza, anasema, ni kama wafungwa wanaorudi kutoka shambani wakijua leo hakuna nyama. Mimi namwambia, Afande, hao wako hawapumui. Wangu wanafika mahali pa huzuni wanakaa kidogo, kama mtu anayefika msibani na kuvua viatu kwanza. Tunabishana hivyo mpaka mboga zinaungua. Jirani zetu sasa wamezoea, wanakuja na viti vyao na kila mmoja ana upande wake.

Nakuambia haya ujue kwamba sikio la dada yako si la kubahatisha. Niliishia darasa la tano, sawa. Miaka mingi iliyopita, sebuleni kwake kule Mbale upande wa viwandani, Mwalimu Herbert Wamboga aliwawekea wageni kanda mbili za wimbo mmoja, akauliza nani anaona tofauti. Nikasema ile ya pili waimbaji ni wachache na wamesimama karibu karibu. Akacheka, akasema, "Mama Racheal, hizi si za watu wa darasa la tano, tusaidie chai." Nikaenda kuandaa chai. Chai ile sijaisahau, na baadaye nilikuja kujua kwamba nilikuwa nimesema kweli.

Sasa kuhusu kuku.

Katika zile sahani kumi na tisa kuna moja ya wimbo wa Kilatini, sauti tupu bila kinanda, na katikati mwanamke mmoja anapanda juu peke yake huku wengine wamenyamaza. Krismasi ya 1990 wifi yangu Gorreti, yaani dada yake Romano, mkewe huyo Herbert, alikuja kututembelea. Alileta kuku kama wageni wanavyoleta, kuku jike mweusi amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Tukamweka chini ya meza. Sahani ile ilikuwa ikizunguka, mwanamke yule ameanza kupanda, na kuku akafungua kamba yake akaruka juu ya gramafoni. Alizunguka nayo karibu mara moja nzima, Enos, amepanua mabawa kama askofu, kabla Romano hajamtoa. Tulicheka mpaka Gorreti akakaa sakafuni. Siku hizo tulikuwa tukicheka pamoja.

Kucha zake ziliacha alama. Tangu siku ile, mwanamke yule akifika juu kabisa, unasikia tk. Halafu tk-tk, mbili zimeshikana. Kimya kidogo, halafu tena tk. Watoto walikuwa wakingojea pale, wakisikia wanasema kwa pamoja, "Kuku wa Shangazi." Racheal alijifunza wimbo ule kwa sahani ile, na kila akiimba jikoni alikuwa akigonga sufuria kwa kijiko pale pa kuku. Hata mimi nisipomsikia naona wimbo haujakamilika.

Mwaka 1992 Herbert aliiazima sahani hiyo kwa wiki tatu, ati kwaya yake ijifunze. Ikakaa miezi mitatu. Alipoirudisha sindano yetu ilikuwa imekufa, na hapa Jinja hakuna duka lililokuwa nayo. Herbert aliitazama mashine akasema, "Basi hizo sahani mtawekea chapati." Shika neno hilo, Enos. Aliamini sahani zetu hazitaimba tena duniani.

Mwaka huu ndiyo yakaja mashindano. Umoja wa kwaya za huku mashariki ulitangaza kila kwaya ilete kanda moja, na mwimbaji atakayeongoza kwenye kanda itakayoshinda atapelekwa Kampala miaka miwili kusomea ualimu wa muziki. Wewe hujapata kumsikia Racheal tangu akue. Anafundisha kule Buwenge, na wasichana kumi na wawili wa soko, wengine wanauza nyanya, wengine wanashona, amewageuza kwaya. Walirekodi darasani Jumamosi, madirisha yamefungwa na magunia ili kelele za mnada zisiingie. Siku ile mimi nilikaa nje ya mlango kufukuza mbuzi. Mwanangu alipopanda juu peke yake pale katikati, mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu cha samaki kutoka Wanyange alikiweka chini, akasimama mpaka mwisho. Simwambii mtu uongo. Samaki walinuka na yeye hakuondoka.

Walichagua wimbo uleule wa Kilatini. Na kwaya ya Herbert vilevile. Mwezi wa Agosti wakatangaza: Mbale wa kwanza, Buwenge wa pili. Waamuzi walisema kwaya ya Mbale imefika Ulaya. Hilo sasa naona walisema kweli. Nafasi ya Kampala akapewa Margret, binti wa Herbert na Gorreti, ati ndiye aliyepanda juu peke yake. Masomo yanaanza Februari.

Wakafanya sherehe Mbale, tukaenda. Tuliwekwa nyuma karibu na masufuria, sisi ndugu wa damu, na Romano amevaa sare yake. Herbert akasimama kuhutubia. Alishukuru huyu, akashukuru yule, kisha akasema, "Na Racheal wetu wa Jinja asikate tamaa, sauti yake ni nzuri sana ya kuwaita wafungwa chakula." Watu wakacheka. Gorreti alicheka zaidi ya wote. Racheal naye alicheka kidogo kwa adabu, akainama kuokota kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka. Mimi nilimwona.

Tulipofika nyumbani alikunja sare za wasichana wake, akazitia kwenye sanduku, akafunga. Tangu siku ile hajaimba, si kanisani wala jikoni. Nyumba yangu, sahani zikinyamaza, imekuwa kama imefiwa. Wale wasichana wa Buwenge wanakuja Jinja kumtafuta, anawaambia ana kazi nyingi.

Sasa sikia kiburi kinavyomwangusha mtu. Siku ya kuondoka kule Mbale, Gorreti alinitia mkononi kanda ya ushindi, nakala, imefungwa kwa utepe. Akasema, "Mpe Racheal ajifunze." Niliipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa na mama, nikaja nikaitupa kabatini.

Ilikaa huko mpaka Jumamosi ya tarehe mbili mwezi huu. Nilikuwa napiga pasi sare za Romano. Wiki nzima tulikuwa tumezipiga sahani za Padri, na masikio yangu yalikuwa yamenolewa. Nikaona kanda ya Gorreti. Nikajiambia, wacha nisikie hicho kilichomshinda mwanangu, nipime mwenyewe. Nikaitia kwenye redio ya kaseti. Waimbaji wakaanza. Nikasema moyoni, wanaimba vizuri, hata mimi ningewapa. Mwanamke akapanda, akafika juu kabisa.

Tk.

Nikasimamisha pasi hewani. Tk-tk. Kimya. Tk.

Nilichoma suruali ya serikali, Enos, pasi ilianguka pajani mwa suruali ikakaa. Nilikuwa nimesimama nikisema peke yangu, kuku wangu yuko Mbale, kuku wangu yuko Mbale. Romano akaingia kwa harufu ya moshi akauliza kuku gani. Nikamrudishia kanda. Akasikiliza. Akakaa kwenye kiti taratibu bila kuulizia suruali.

Lakini unamjua shemeji yako, ameishi na wafungwa miaka ishirini na mbili, kila mmoja ana maelezo yake. Akasema, "Mtu hafungwi kwa tk moja." Tukaweka sahani, tukaweka kanda, sahani, kanda, mara sita, yeye na saa yake na daftari. Zile alama zimekuja mahali palepale, kwa mpango uleule, mara zote sita. Isipokuwa kanda inamaliza wimbo sekunde nne kabla ya sahani. Hapo ndipo Herbert atakapong'ang'ania, namjua, atasema kama ni sahani hiyo mbona hazilingani. Romano anaamini ni mashine ya kunakilia ilikuwa ikikimbia kidogo. Wewe ni fundi, umefungua redio na gramafoni tangu ukiwa na meno ya utoto. Wewe ndiye utakayesimama mbele za watu ueleze zile sekunde nne, Herbert akose hata ufa wa kupenya.

Maana nimewaita wote. Nimemwandikia Gorreti barua tamu mpaka mimi mwenyewe ilinisisimua. Nimesema tunataka kumpongeza Margret kabla hajaenda Kampala, kwamba nyumba ya kaka yake Gorreti haiwezi kukaa kimya jambo kubwa namna hii likipita. Nimemwomba Herbert aje na kanda yenyewe, ile halisi aliyopeleka kwenye mashindano, tuisikie pamoja kwa heshima. Amejibu kwa mkono wake. Ameandika kwamba anafurahi kuona nimekomaa. Barua hiyo nimeiweka ndani ya Biblia. Ataibeba kanda mwenyewe, Enos, ndani ya koti lake la harusi, kutoka Mbale mpaka mezani kwangu. Nimemwalika pia Bwana Jude, katibu wa umoja wa kwaya, amekubali. Yeye anajua anakuja kula.

Na atakula. Nitamchinjia Herbert kuku jike mweusi, nimeshamtafuta. Unajua kwetu firigisi ni ya mkwe anayeheshimiwa, haigusi mwingine. Nitamwekea kwenye sahani yake peke yake, nipige goti, nimkaribishe. Nataka awe anaitafuna wakati kuku wa kwanza anapogonga. Sitasema kitu. Nitawaambia watu tu, leo tunalinganisha kanda na santuri kama ilivyo desturi ya nyumba hii, kila mtu aseme anaona tofauti gani. Na nitamwambia Herbert asiondoke, nimtilie chai kidogo.

Najua wewe una moyo laini, umeanza kusema, dada, ni ndugu. Katekista naye ameniambia nisamehe. Nimemwambia nitasamehe, nimepanga siku yake, ni Jumatatu.

Kuna jambo moja nililofuta katika mpango, nikuambie ukweli. Nilitaka baada ya hapo nimsimamishe Margret katikati ya watu nimwambie, haya binti, panda juu tukusikie. Nilikuwa nimelipenda sana neno hilo. Nililala nalo kama mto. Nilipomweleza Racheal habari zote, nikidhani atarukaruka, alivuta kiti akaketi. Akaomba asikie. Tukampigia sahani, tukampigia kanda. Pale pa kuku mkono wake ulitafuta kijiko mezani wenyewe, akagonga kikombe. Machozi yakamtoka huku akicheka.

Kisha nikamweleza ya Margret. Akasema, "Hapana, Mama. Margret alilala kitanda kimoja na mimi tukiwa wadogo. Hana sauti na anajua hana. Baba yake ndiye aliyeimba kwa mdomo wake."

Nikamwambia, "Na mimi nikae hivihivi? Aliyekucheka hadharani nimpe soda?"

"Mfanyie Baba Margret unavyotaka, sikukatazi. Lakini asisimame Margret. Nitasimama mimi."

Nikauliza, asimame afanye nini. Akasema, "Si mnalinganisha? Sahani moja, kanda moja. Ya tatu ni sisi, tuliopo hapohapo, watu wakituona midomo."

Leo, Enos, amekwenda Buwenge kuwaita wasichana wake na kurudi. Sanduku liko wazi katikati ya sebule, sare kumi na mbili ziko kwenye kamba nje, na wasichana watalala hapa kwangu usiku wa kuamkia siku yenyewe, nimeshaazima mikeka. Asubuhi kabla hajaondoka nilimsikia jikoni akipanda polepole, akaishia njiani, akarudi kuanza upya. Sikuingia. Nilisimama nyuma ya mlango na ufagio kama mwizi.

Kwa hiyo Margret nimemwacha. Ila Herbert simwachi. Bwana Jude atayasikia yote matatu kwa masikio yake, na Februari bado, nafasi ile itajua yenyewe iende wapi. Aliyemwita mwanangu mwita-wafungwa ataketi mbele kabisa, kiti chenye mikono, mke wake kando yake, na mlango utakuwa nyuma ya watu wote.

Njoo na haya: sindano nyingine ya akiba, maana hii sitaki inisaliti siku hiyo, waya mrefu, na ile spika yako kubwa ya mbao. Umeme hapa tunautengeneza sisi kwenye bwawa letu na unakatika kwetu kwanza, lakini Jumapili mchana huwa hawaugusi, ndiyo maana nimechagua mchana. Hata hivyo beba betri. Fika mapema siku mbili, umpe Romano nafasi ya kukuonyesha daftari lake, amelipigia mistari kwa rula.

Mama nyumbani Bungoma usimwambie kwa sasa, atalitangaza sokoni na litafika Mbale kabla yetu. Msalimie tu, mwambie shuka alilonitumia nalitandika siku za wageni. Msalimie Mama Griffin, mwambie aje naye, namwekea kitambaa cha kushonea gomesi, lile vazi la huku, rangi ya zambarau. Wabusu Griffin na Mitchelle. Romano anakusalimu, anauliza kama Nakuru kuna mtu anayewapenda Wajerumani. Racheal anamsalimu Mjomba wake, anasema asante kwa sindano, maana bila hiyo sanduku lake lingekuwa limefungwa hadi leo.

Mungu azilinde njia zako, aitulize mikono yako katika kazi zako zote, na akufikishe kwangu na vyombo vyako vyote bila kuvunjika hata kimoja.

Ni mimi dada yako akupendaye kuliko wote waliokubeba mgongoni,

Orpah, Mama Racheal

Nimewaambia wote, wa Mbale, wa Buwenge, na sasa wewe: Jumapili, tarehe 15 Desemba, saa nane kamili mchana.